Chini ya Joho la Bikira

Juzi nilisimama kwenye robot nyekundu, yaani taa za barabarani, pale Doornfontein, nikageuza kichwa kulitafuta jengo letu, nikalikosa. Lipo, lakini si lile. Wamelipaka rangi mpya, wamewapangishia wanafunzi, na pale ilipokuwa karakana yetu wanauza kuku wa kukaanga. Taa ikawa kijani, nikapigiwa honi, nikatukanwa. Eish, ndugu yangu, miaka ishirini na kitu imepita na bado nilikuwa nalitafuta dirisha la mama.

Karakana ile waligawana watu wawili. Upande wa dirishani mama yangu, mshonaji kutoka Bukavu. Upande wa nyuma mzee mchonga sanamu kutoka Guinea ya Ikweta, nchi iliyotawaliwa na Wahispania. Tulimwita Papa Fundi. Kiswahili alijifunza kwa mama, kwa hiyo alikizungumza kama mtu wa Bukavu anayeumwa jino. Kutwa palinuka gundi, vumbi la mbao na sombe, kisamvu cha kwetu, ambayo mama aliichemsha huku akishona. Mimi nilikuwa msichana wa miaka tisa, naelewa Kiswahili chote na kujibu kwa Kizulu, jambo lililomkera mama kupita kiasi.

Mwaka ule Wakatoliki wenzetu walimwagiza Papa Fundi awachongee Bikira wa Mateso, wa maandamano ya Ijumaa Kuu. Jamani, alitisha! Uso wa mbao, macho ya kioo, machozi ya kioo, na panga saba za chuma zimemchoma kifuani. Papa Fundi alinieleza kwamba kila upanga ni uchungu mmoja. Wa pili ni ule wa kukimbilia Misri na mtoto. Huo mama aliugusa kila alipopita, kisha akabusu vidole. Yeye hakuhitaji kuelezwa kukimbia na mtoto ni nini.

Lakini chini ya kiuno Bikira hakuwa na kitu. Fito tu, zimefungwa mithili ya tenga la kuku, na joho jeusi likifunika mpaka chini. Kwao Papa Fundi ndivyo walivyochonga: uso na mikono, basi, mengine ni kazi ya nguo. Na kwao mwanamume hamvalishi Bikira wala haoni chini ya joho lake. Siku mama na wenzake wa kanisani walipomvalisha, mzee yule aliyepigilia kila msumari alitoka nje akageukia ukuta. Tulimcheka!

"Papa Fundi, si weye ulimutengeneza?" mama alimwita.

"Nilitengeneza mbao," akajibu, bado ameelekea ukutani. "Sasa ni mwanamuke."

Siku mbili baadaye mama alienda Newtown kutafuta lesi, akaniacha na mzee. Ilikuwa saa nane mchana. Tulisikia nyimbo, kisha vioo vikivunjwa. Kundi la watu lilikuwa linakuja na marungu na mashoka, likipiga kelele kwamba wageni warudi kwao. Papa Fundi aliburuta meza mpaka mlangoni, mlango ukaanza kupasuka, na mwingine wa kutokea hatukuwa nao. Akainama, akalipandisha joho kwa mikono yake miwili, uso ameugeuzia pembeni hata wakati ule, akanisukuma kati ya zile fito.

"Ingiya. Usilie."

Nilisikia cherehani ya mama ikiburutwa kwenda kutupwa kwenye moto waliouwasha barabarani. Nilisikia mzee akipigwa, akiguna kila pigo. Kisha mmoja akasema kwa Kizulu, "Na hili sanamu, motoni." Wakaliinamisha, mimi nikiwa ndani. Nikajikojolea.

Papa Fundi akajitupa sakafuni, akaling'ang'ania pindo la joho, akipayuka kwa lugha zake zote kwamba hakuna mwanamume atakayemgusa mwanamke huyu. Walicheka. Wakampiga mateke ya kichwa, hakuachia. Vidole vyake vilikuwa vimepenya chini ya pindo, karibu kabisa na mguu wangu. Shoka likashuka. Vidole vitatu vilibaki upande wangu, na sikulia.

Polisi walifika wakapiga risasi za mpira, kundi likatawanyika. Mama alinikuta mle mle.

Mtaa mzima ulimsema. Mjinga gani anakatwa vidole kwa ajili ya gogo? Mama alitaka kuwapasulia ukweli, mzee akamkataza. "Acha. Bakijua mutoto alikuwa ndani, siku ingine batatafuta ndani."

Kazi ya kuchonga ilimwishia hapo. Mama alilifua joho, na mimi nilijua mzee ameliona lilivyolowa. Basi kila alipokuja kwetu nilikimbilia chumbani. Hata siku ya kuaga, aliponinyooshea mkono ule mzima, nilikimbia. Nikamsikia akimwambia mama, taratibu, "Muache. Mukono yangu inamutisha."

Alituandikia barua moja, kisha kimya. Mama ameshafariki, wale wa kanisani wametawanyika, Bikira sijui yuko wapi. Nimebaki peke yangu ninayejua kwa nini mzee yule hakuachia pindo, naye aliondoka akiamini kwamba namwogopa. Ilikuwa aibu ya mkojo, Papa Fundi. Mkojo tu.