Hita ya Mama Abdi na Sufuria ya Chai

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ovaroli iliyonimeza mpaka vidole, pamoja na onyo la Fundi Mkuu: "Hapa kila kitu kina jina. Nikikusikia ukisema 'kidude', unarudi nyumbani kuosha vyombo."

Fundi Mkuu ni shangazi yangu. Gereji yake iko mtaa wa Mbotela, Nairobi, na utumishi wangu ulidumu likizo nzima ya Agosti. Ninyi wa Gredi ya Saba, kaeni vizuri mzee awasimulie.

Nilianzia Idara ya Kushika Tochi. Baadaye nikapandishwa cheo hadi Idara ya Maji, yaani kujaza redieta, chini ya Msaidizi wa Fundi Mkuu, Karis, ambaye hunywa chai kuliko lori linavyokunywa dizeli. Ndipo akaingia Mama Abdi wa Komarock.

"Fundi, hita inapuliza baridi kama friji! Jioni nampeleka binti yangu na kitoto kichanga Limuru. Na ukungu wa huko! Mnataka mjukuu wangu agande?"

Shangazi akapima maji: yamejaa. Feni: inavuma. Akaniambia nishike mipira miwili inayopeleka maji moto kwenye redieta ndogo nyuma ya dashibodi. Hita ni hiyo tu, haina uchawi. Mmoja ukiwa moto na mwingine baridi, redieta ndogo imeziba. Hii yote miwili ilikuwa vuguvugu kama uji uliosahauliwa, na injini imenguruma kitambo! Hata sindano ya kipimo cha joto kwenye dashibodi ilikuwa imelala.

"Thamostati," Shangazi akasema. Hicho ni kilango kinachozuia maji yasiende kupoozwa kwenye redieta kubwa mpaka injini ipate moto. Injini ilipopoa, akafungua mahali pake. Tupu!

"Ni fundi gani bandia alitoa thamostati?"

"Ni wewe," Mama Abdi akajibu. "Gari ilichemka pale Jogoo Road, ukaniambia Nairobi hakuna theluji, hicho kidude hakina kazi."

"Shangazi! Umesema kidude?"

"Wewe, nyamaza!"

Ukutani kulining'inia waya wenye thamostati zote alizowahi kung'oa, kama samaki wa soko la Muthurwa. Tukapata inayotoshea. Lakini je, ilikuwa hai? Iliyo hai hufunguka yenyewe ndani ya maji moto. Maji ya chai ya Karis yalikuwa yanakaribia kuchemka. Nikaitumbukiza.

"Chai yangu, we mshenzi!"

Tukainama wote juu ya sufuria. Mapovu. Kisha kilango kikafunguka! Tulipiga kelele mpaka majirani wakadhani kuna goli.

Tukaifunga kwenye gari na gaskiti mpya ya kuzuia maji yasivuje, tukajaza maji, tukaiacha injini ingurume ili hewa itoke kwenye mabomba. Sindano ikapanda. Mama Abdi akaweka mkono kwenye tundu la hita. "Mashallah! Moto!" Shangazi akaushusha ule waya wa ushahidi ukutani.

Jumatatu shule zinafunguliwa, kwa hiyo nastaafu. Nawaachia vijana funzo moja: hita ikileta baridi, shika mipira kabla ya kubomoa dashibodi. Na usimwambie Karis chai ina ladha ya nini.

Jioni ile ile ya hita, simu ya Shangazi ililia, akaweka spika. Mama Abdi alikuwa Limuru.

"Mtoto amelala fofofo. Lakini sisi wengine tunaiva! Fundi, hii kitu inazimwa wapi?"