Mawese Kwenye Sinki

Jumanne, katika ofisi ya wenye nyumba kule Rissne, mama mmoja wa Bukavu alinivuta mkono wa koti. "Mwanangu, unisaidie na Kiswidi. Wameniita. Nafikiri wananifukuza kwenye nyumba."

Kosa lake alilinong'ona kama dhambi. Alimimina mawese yaliyobaki kwenye sinki, ndani ya ile mashine ya kusaga mabaki ya chakula, akaongeza maganda ya ndizi, kisha birika zima la maji ya moto, kama wanavyoondoa mafuta kwao. Mashine ikanguruma, ikanyamaza. Fundi alipokuja alitikisa kichwa tu. Kisha ikaja barua.

Karani alitabasamu. Nikatafsiri: bomba limezibuliwa, hakuna kilichovunjika. Maji ya moto huyasukuma mafuta mbele, yakaganda kwenye bomba baridi. Basi yaache yagande kwenye kopo, uyatupe. Maganda yenye nyuzi hujiviringisha ndani ya mashine, nayo yaende pipani. Ukisaga, fungua kwanza maji baridi, utie kidogo kidogo.

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu, mama."

Alifungua vifungo vya koti, kimoja kimoja, akacheka mpaka karani naye akacheka. "Na mimi nimeshafunga masufuria yote, tayari kuhama! Siku mbili tunakula mkate!"

Sisi tuliowahi kukimbia makwetu hufunga masufuria kwanza, ndipo huuliza swali.

Mlangoni alinigeukia. "Jumapili uje, nitapika sombe, yale majani ya muhogo. Safari hii mawese hayatabaki."