Safari Iliyopita Kando ya Graz

Baada ya miaka ishirini ya kukaa kiti cha pembeni akiwafundisha watu udereva mjini Timișoara, Romania, Valeriu Crașovan aliamua kushika usukani mwenyewe. Agosti ile angempeleka mkewe Corina na watoto wao wawili mpaka Venisi: kwenda kupitia Hungaria, Austria na Slovenia, kurudi kupitia Kroatia na Serbia. Siku kumi na moja. Tangu Februari meza ya jikoni ilikuwa haionekani kwa ramani.

"Hivi hata haja ndogo umetupangia kituo?" Corina alimcheka.

"Nimepanga. Saa nne na robo, Szeged."

Nafasi ya tano garini ilikuwa ya mama yake, Floarea, aliyefikisha miaka sabini na moja bila kuvuka mpaka wowote. Aliyevuka ni mdogo wake, Veturia. Zamani zile za kukatazwa kutoka nchini, aliogelea mto Danubi, nguo zake kaziweka kwenye mfuko wa nailoni, akaishia Graz, Austria. Tangu hapo walionana mara moja tu, kwenye maziko ya mama yao. Kisha miguu ya Veturia ikamkatalia safari. Ndiyo maana Valeriu alichora njia ipite Graz, walale kwake siku mbili. Floarea akachukua pasipoti yake ya kwanza, akanunua makubadhi, akatenga chupa sita za zakuska, ile rojo ya biringanya na pilipili hoho ambayo mdogo wake hakuacha kuililia kwenye simu.

"Kaniuliza kama bado nakoroma," Floarea aliwaambia akicheka. "Nikamwambia, ngoja nije, utajionea."

Julai wakafanya jaribio, safari ya asubuhi moja hadi mji wa Herculane. Floarea aliomba gari lisimame mara tano: miguu, choo, miguu tena, kununua plamu, choo. Valeriu alikuwa akitazama saa.

"Mchukue tu, Vali," Corina alimwambia waliporudi. "Tutafika tutakapofika."

"Wewe huzijui barabara za Agosti."

Kesho yake akaenda kwa mama yake, akamkuta anafuta vumbi zile chupa.

"Mama, nimefikiria. Joto la mwaka huu litakuumiza. Mwakani nitakupeleka wewe peke yako, moja kwa moja mpaka Graz."

Floarea aliendelea kufuta. "Sawa, mwanangu. Dereva ni wewe."

"Hujakasirika?"

"Nikasirikie nini? Chukueni hii zakuska, watoto wataona njaa njiani."

Valeriu alitoka pale amepumua. Miaka mingi baadaye, kilichomchoma zaidi ni ile nafuu aliyoisikia akishuka ngazi.

Bila mama, Graz haikuwa na maana tena kwenye ramani. Akaifuta, akaokoa nusu siku. Walipofika Maribor, Slovenia, kibao kikaonyesha Graz kulia, mwendo usiotimia saa moja.

"Baba, si ndiko kwa Bibi Veturia?" aliuliza binti yake, Ilinca. "Tukamsalimie basi!"

"Hotelini Ljubljana wanatungoja saa nane. Mwakani."

Corina aligeuza uso, akatazama dirishani mpaka Ljubljana.

Venisi ilipendeza. Hawakuchelewa popote.

Februari iliyofuata moyo wa Veturia ulisimama. Valeriu alikimbia kwa mama yake, funguo mkononi.

"Vaa koti, Mama, tunaondoka sasa hivi."

"Nikaongee na nani?" aliuliza Floarea, akarudia viazi alivyokuwa akimenya.

Akaenda peke yake. Baada ya maziko, jirani mmoja, bibi aliyeitwa Hermine, alimfungulia nyumba ya marehemu.

"Wewe ndiye dereva wa Agosti?" alimuuliza kwa Kijerumani cha polepole. "Aliazima kitanda kwangu. Akatandika mwenyewe, na miguu ile. Siku tatu akakaa dirishani anatazama namba za magari. Nikamwambia, piga simu. Akasema, nikipiga wataona nawaharakisha."

Valeriu alivua kofia. Siku zote alidhani mama yake alimpigia Veturia kumwambia haji. Pale ukumbini, kofia mkononi, ndipo alipoelewa: Floarea alingoja mpaka gari lilipoondoka, akitumaini mwanawe atabadili nia, kisha aibu ikamziba mdomo. Naye Valeriu hakuwahi hata kuuliza.

"Foleni zilikuwa ndefu," alimjibu Hermine, akajisikia mjinga.

Nyumbani, Floarea alikuwa amesimama mlangoni. Hakuuliza habari za kaburi.

"Nyumba yake ilikuwa inaingia jua?"

"Inaingia, Mama. Dirisha la sebuleni linatazama barabarani."

"Basi vizuri. Alikuwa hapendi giza."

Habari ya kitanda Valeriu hakumwambia mama yake, siku ile wala katika miaka sita aliyobakiza kuishi. Kila kiangazi alimwomba wasafiri, popote apendapo, wasimame kila baada ya hatua kumi akitaka. Floarea alikuwa akimpapasa mkono tu na kusema amechoka.