Kisanduku cha Kuwalaza Watoto

Kila asubuhi Anti hakufungua mdomo mpaka mtoto wa kwanza afike getini. Alioga, akadeki chumba cha watoto, akatandika mikeka kumi na minane, yote hayo kimya kimya. Dada yake akimuuliza kama maji yamechemka, alijibu kwa nyusi. Akiulizwa ufagio uko wapi, alielekeza kwa kidevu. Shemeji yake alimtania kwamba siku mchumba akija, ataitikia kwa sikio. Anti alicheka bila kutoa sauti. Alikuwa anaiweka akiba, maana kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni sauti ile haikuwa yake.

Nyumba ilikuwa ya dada yake mkubwa, na chekechea ya pale mbele ilikuwa yake pia. Anti alikuja kusaidia muhula mmoja tu, dada alipojifungua. Yule mtoto aliyezaliwa sasa anafunga kamba za viatu mwenyewe. Miaka sita ilipita hivyo, muhula ukizaa muhula, na kila Anti alipogusia kuondoka, dada alimtazama kama mtu anayeezuliwa paa huku yumo ndani.

"Na nani atawalaza?" Jibu lilikuwa hilo hilo kila mara.

Na kweli, watoto wakishakula mchana, hakuna aliyewaweza ila yeye. Siku Anti alipougua homa, dada alijaribu kuwalaza, wakamgeuza ngazi. Siku nyingine zote Anti alikaa tu kwenye kigoda katikati ya mikeka, akaanza habari za fisi aliyefungua duka la kinyozi, na kabla mteja wa pili hajanyolewa chumba kizima kilikuwa kinakoroma. Jioni koo lilimwasha kama amemeza mchanga. Dada alimpa maji ya uvuguvugu na chumvi, akamwambia apumzike, kesho kuna watoto.

Mtaa wa pili kulikuwa na kitalu cha miche. Mwenyewe alikuwa mama mnene mwenye mabuti ya mpira, na alikuwa anatafuta mtu wa kujaza udongo kwenye vifuko na kumwagilia. Kilikuwepo pia chumba kidogo kwa nyuma, cha mfanyakazi. Anti alisimama pale siku moja akitoka dukani, akaiona miche imetulia safu kwa safu kama maji mtungini, hakuna hata mmoja unaoomba hadithi. Yule mama akasema atamshikia nafasi mpaka mwisho wa mwezi. Baada ya hapo atamchukua mpwa wake, ingawa mpwa mwenyewe ni mvivu hata wa kupiga miayo.

Jioni ile Anti alipiga moyo konde, akamweleza dada.

"Haya," dada akasema. "Nitafutie kitu cha kuwalaza badala yako, halafu nenda. Sitakushika mguu."

Kesho yake Anti alikuwa kwa muuza redio. Muuzaji alianza kwa kumtolea moja yenye taa za rangi zinazochezacheza, akasema watoto wanaipenda sana. Anti akasema ndiyo maana hawatalala. Ya pili haikuimba bila simu kuwa karibu, na simu ya dada haitoki kiganjani hata akiwa anasonga nywele. Ya tatu vitufe vyake vilikuwa vidogo kama punje za mchele. Mwisho kabisa, chini ya meza, kikatoka kisanduku cha plastiki nene, hakina kioo, hakina taa, kina mpini wa kubebea, vitufe vitatu vikubwa na cha nne chekundu cha kurekodi. Anti akakiinua usawa wa magoti, akakiachia. Muuzaji akafumba macho. Kikaanguka, kikaendelea kuimba. Akaongeza sauti mpaka mwisho, akabandika sikio pale pale inapotokea, kama mtoto atakavyofanya, wala hakuumia. Kisha akachokonoa ile kadi ndogo ya nyimbo kwa ukucha, ikachomoka. Hapo akatikisa kichwa: kadi ile ingekuwa tumboni mwa mtoto kabla ya saa nne. Akataka ifungiwe kifuniko kwa skrubu.

"Dada yangu," muuzaji akamwambia, huku anatafuta bisibisi, "unachagua redio au unachagua mkwe?"

Siku ya kwanza waliweka nyimbo. Hata aliyekuwa ameshasinzia aliamka akacheza. Dada alisimama mlangoni, mikono kifuani, na Anti akaona siku za mwezi zinamponyoka. Ikabidi arekodi hadithi zake mwenyewe. Akajifungia stoo na kile kisanduku, akaanza kuyasimulia magodoro, lakini fisi wake akafa mdomoni dakika ya tatu. Hakujua kusimulia mahali pasipo na watu. Basi akarekodi mchana, watoto wamejilaza mbele yake, kisanduku kikiwa chini ya kigoda.

Kosa lake alilijua siku ya pili yake. Yeye amekaa nje ya mlango, roho juu, sauti yake iko ndani inasimulia: fisi akachukua wembe, akamwambia punda akae vizuri, "Kipipa, shusha mguu ukutani," punda akakaa vizuri. Kipipa, kibonge mmoja wa miaka minne, alikuwa usingizini. Akakurupuka.

"Sijapandisha," akasema, akaangua kilio, na wenzake wote kumi na saba wakaamka kuja kuangalia mguu wenyewe.

Miaka sita Anti alikuwa anasimulia na kukemea kwa pumzi moja, na yeye mwenyewe hakuwahi kusikia. Akarekodi upya, akayameza makaripio yote. Watoto wakagoma. Wakauliza pa Kipipa pako wapi. Ikarudishwa ile ya kwanza, na Kipipa, akiwa sasa mtu mashuhuri, akawa anapandisha mguu ukutani mapema ili awe tayari kukemewa. Akishakemewa, anaushusha, analala. Wiki haijaisha, chumba kizima kilikuwa kinalala bila Anti, dada akiwa amekaa pembeni anachana nywele zake.

Ijumaa ya mwisho wa mwezi dada alimwita kule nyuma. Stoo ilikuwa imesafishwa. Vitanda vinane vya wachanga vilikuwa vimepangwa ukutani, vimetandikwa.

"Jumatatu wanaingia," dada akasema. "Mama zao nimeshawakubalia. Wale wakubwa wakilala sasa huna kazi, mdogo wangu, kisanduku kinakushikia."

Anti alivihesabu vile vitanda kwa macho, akarudia tena.

"Ulisema nikipata kitu niende."

"Nilisema. Lakini umeona kilivyo kizuri. Na zile hadithi watazichoka, itabidi urekodi nyingine. Nitazirekodi mimi?"

Hakuyasema kwa ubaya. Alimwekea mkono begani, akamwambia yeye ni damu yake, mtu baki hawezi kumwachia wachanga. Hilo ndilo lililombana Anti kuliko yote. Dada angegomba, Anti angalau angepata pa kushika. Kile kisanduku alikichagua mwenyewe, akakiangusha, akakifungia skrubu, akakipa sauti yake, na kazi moja ikawa mbili. Alitazama dirisha la stoo. Lilikuwa dogo, la kupitisha hewa tu, na chini yake palikuwa pamewekwa kigoda kipya.

Saa kumi watoto walichukuliwa mmoja mmoja. Wa mwisho alikuwa Kipipa, bibi yake alichelewa. Anti akaosha vikombe, akaanika matambara, akaingia chumbani akatia nguo zake kwenye mfuko. Hazikuwa nyingi. Dada alikuwa bado kule nyuma, anapima chandarua juu ya kitanda cha tatu.

"Dada, nakwenda kitaluni," Anti akasema. "Sirudi."

"Basi rudi na sabuni ya kufulia," dada akasema, pini ziko mdomoni, wala hakugeuka.

Anti alisimama pale mlangoni. Alitaka dada ageuke auone mfuko, halafu akaogopa kwamba atageuka. Chandarua kilikuwa kifupi upande mmoja, dada anakivuta, anakiachia, anakivuta tena. Anti akatoka, akafungua geti, akalirudishia taratibu ili lisilie. Dukani sabuni zilikuwa zimepangwa mpaka dirishani. Alipita, hakuingia.