Wenye Mabega

Kwa miaka kumi na tisa Yotham Ndahani aliajiriwa kuhesabu vidukari. Kijijini kwao, nje kidogo ya Kongwa, watu waliiona kazi ya ajabu, maana kidukari, mdudu anayefyonza majani, hafiki hata ukubwa wa punje ya uwele, na hakuna anayemtafuta. Kila asubuhi alikwenda kwenye mashamba ya kituo cha utafiti, akageuza majani ya karanga na kujaza fomu yenye safu mbili: wenye mabawa, wasio na mabawa.

Tofauti hiyo ilimshangaza tangu siku ya kwanza. Mama ni mmoja. Anazaa majike watupu bila dume, na mche ukiwa laini wenye nafasi, watoto wake hawaoti mabawa kabisa. Wanakaa pale pale, wananyonya, nao wanazaa. Lakini mche ukianza kuchoka, au wakibanana hadi kupandiana, mama yule yule huzaa watoto watakaoruka. Hao ndio wanaotawanya ugonjwa wa kudumaza karanga kutoka shamba hadi shamba. Aliyeota mabawa huzaa wachache kuliko ndugu yake aliyebaki. Hilo Yotham alilifikiria mara nyingi akiwa peke yake kati ya matuta.

Fomu haikuwa na mahali pa wale wa katikati: wachanga ambao hawajaruka, ila mgongoni wamevimba pande mbili, kama mtu aliyepandisha mabega. Basi akachora safu ya tatu kwa rula, akaiandika "wenye mabega". Mtafiti, kijana msomi, alicheka. Baada ya misimu miwili alikuwa akiisoma safu hiyo kwanza, maana ndiyo pekee iliyosema jambo kabla halijatokea.

Novemba 1995 zikaja barua za kupunguza wafanyakazi. Yotham alirudisha koti, bakuli la njano la kutegea na lenzi, akatia sahihi. Shemeji yake Fabian, mwenye kioski Nkuhungu, alimtumia salamu: njoo mjini, siku hizi ni soko huria, kila mtu anajitafutia. Yotham akafunga begi. Angeondoka akishamsaidia mdogo wake Ruthu palizi ya Januari.

Ruthu alikuwa mjane, na shamba lile la karanga ndilo lililomlisha yeye na wanawe. Zamani mbegu ililetwa na chama cha ushirika. Mwaka huo ilikuja na mfanyabiashara mwenye pikapu, tena kidogo. Ruthu aliitawanya ili itoshe: mche hapa, hatua nzima ya udongo mwekundu, mche pale. Yotham alipoliona, moyo ulimshuka. Kidukari arukaye huvutwa na jani la kijani lililo peke yake juu ya udongo mtupu. Shamba lililofungana hulipita.

"Ruthu, ile kona ya kichuguu. Ing'oe yote."

"Shikamoo kwanza, kaka."

"Marahaba. Ing'oe."

"Ina maua! Nani anang'oa mche wenye maua?"

"Imejaa vidukari."

"Vidukari wapo tangu enzi za bibi. Umepunguzwa kazini bado unawahesabu? Au wao ndio wamekuajiri?"

Bila lenzi, macho yake ya miaka hamsini na mbili yaliona weusi unaong'aa tu kwenye ncha za miche, na sisimizi wakipanda na kushuka. Kama walikuwa bado wametulia, angemponza dada yake bure. Kama walikwisha kuruka, kung'oa kusingesaidia. Akaazima beseni la Ruthu la njano, rangi inayowavuta warukao, akalitia maji na chembe ya sabuni, akaliweka katikati ya shamba.

"Na vyombo nioshee wapi?" Ruthu akauliza.

Asubuhi mbili mfululizo walikwenda kuchungulia. Nzi wawili, na jani.

"Umeona sasa? Hamna kitu."

"Nimeona," Yotham akasema, na kwa mara ya kwanza tangu ile barua akatabasamu. "Hamna kitu. Bado hawajaruka. Wewe unatunga shanga, niazime macho."

Alivunja ncha ya mche akailaza kiganjani mwa Ruthu. "Hapo nyuma ya kichwa. Wako bapa au wamevimba?"

Ruthu akainama. "Huyu bapa. Huyu naye bapa. Huyu... kapandisha mabega. Kama wewe ulivyorudi na barua yako!" Akacheka, kisha kicheko kikakatika. "Na huyu. Kaka, na huyu pia."

"Hesabu ishirini."

"Wenye mabega kumi na watatu. Wana siku ngapi kabla ya kuruka?"

"Mbili. Tatu kukiwa na baridi."

Ruthu aliiendea kona yake. Kisha yeye mwenyewe akaushika mche wa kwanza shingoni, akauvuta. Hakulia, ila kila mche aliunung'unikia kwa Kigogo, kama anayemwomba mtu radhi. Waliifukia yote kwenye shimo refu, wakashindilia. Katika mapengo ya shamba wakapanda kunde, ambazo mbegu yake Ruthu alikuwa nayo chunguni, ili udongo usibaki wazi.

Mwezi wa pili mashamba ya ng'ambo ya korongo yaligeuka manjano. La Ruthu lilikuwa na miche saba iliyodumaa, na pengo kwenye kona ambalo hakuacha kulilalamikia.

Asubuhi moja Yotham alikuwa ndani na begi lake, ambalo kila wiki alisema ataondoka nalo, akamsikia jirani yao Joel, aliyechelewa kupanda, akipiga hodi.

"Mama, nasikia mna dawa ya wadudu."

"Hakuna dawa," Ruthu akajibu. "Tega beseni la maji."

"Ninalo la kijani."

"La njano, Joel! Kisha lete mche, nikuangalizie mabega."

"Mabega ya nani?"

"Wewe lete tu."

"Asivunje ncha tu," Yotham akaita kutoka ndani. "Alete mche mzima!"

Alifungua begi, akatafuta chini ya mashati hadi akaipata rula na daftari kuukuu. Akakaa kizingitini kwenye mwanga, akaanza kupiga mistari, ile safu ya tatu kwanza.