Kijani cha Chumba cha Mbele

Rangi ya chumba cha mbele niliichagua mimi mwenyewe, na katika yote aliyonitenda mume wangu hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Ilikuwa Msambweni, miaka ya hamsini. Tulilala chumba cha nyuma kilichopakana na jiko, moshi ukituamsha kabla ya adhana. Cha mbele aliweka nazi zake za biashara. Tangu mtoto wa kwanza alikuwa akiniahidi, "Kitakuwa chako, mama watoto." Nikazaa mpaka wa nne. Siku moja akaziondoa nazi, akaita fundi, akaniambia, "Nataka kijani. Wewe ndiwe mwenye jicho, nichagulie." Mjinga mimi, nikafurahi.

Fundi alichanganya unga wa kijani na chokaa na chumvi kidogo, mara tatu, nikamwambia apake vipande vitatu nyuma ya mlango. Mume wangu alikimbilia kile kilichokoza. Nikamwambia asubiri, chokaa ikiwa mbichi hudanganya, rangi yake utaijua ikikauka. Nilingoja siku mbili. Kila nikipita nafungua mlango natazama, asubuhi jua likiingia, jioni likiondoka. Mwisho nikashika kile hafifu, kama ndani ya tango. Nilishajua hata kitanda changu kitakaa wapi. Fundi yule alikuwa hodari wa soga, lakini siku zile alipaka kimya wala hakunitazama usoni. Nikasema labda amefunga.

Ukuta ulipokauka, mume wangu aliniita barazani, akanieleza kwa adabu kubwa kama mtu anayetoa rambirambi: ameposa mke wa pili kijijini Bodo, nikaha ni Ijumaa. Nikamuuliza, na chumba ni cha nani?

"Bibi harusi hawezi kulazwa nyuma," akasema.

Nilitamani kummwagia ndoo ya chokaa. Badala yake nikaingia jikoni, nikapika.

Bibi harusi akaja, binti mdogo mno, hina mpaka vifundo vya miguu. "Shikamoo, dada," akaniamkia, nikaitika. Akaushika ukuta. "Rangi hii nzuri! Nani aloichagua?"

Mume wangu akatazama viatu vyake. Nilitaka iwaume wote wawili, nikasema, "Mimi."

Machozi yakamlengalenga, akanishika mikono yote miwili. "Kumbe ulikuwa ukinitaka," akasema. "Nami njia nzima nalikuja nikikuogopa."

Akawasimulia mashoga zake, nao wakawasimulia mama zao. Mji mzima ukanisifu kwa roho safi ambayo sikuwa nayo, na mimi nikawa naitikia tu, maana ningekana, binti yule ningemwambia nini? Wa tano nilimzalia chumba kile kile cha nyuma, na aliyenishika mgongo usiku kucha alikuwa yeye, akiniita dada, dada. Nilimchukia hata saa ile.