Kadi Moja ya Mwaka, Ndugu Watatu

Nichekeni mkimaliza kusoma, si kabla. Tangu wazazi wetu wafariki, mimi ndiye niliyewalea wadogo zangu, Musa na Neema, na hapa Walthamstow, London, bado tunaishi pamoja. Shule niliacha mapema ili wao wasome. Siku zote nilitamani kuwapa raha tuliyoikosa utotoni, ndipo nikaanza kuifikiria kadi ya mwaka ya kuingilia bustani kubwa ya michezo.

Bei yake ilinikaba koo. Lakini nikawaza: kwetu tulivaa sweta moja kwa zamu na baridi haikutushinda. Kadi moja itatosha nyumba nzima, na kwa watu watatu mbona ni rahisi! Nikainunua kwenye simu. Walipotaka picha ya mwenye kadi nikaweka yangu, nimepiga kilemba cha kitenge, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa wa nyumba.

"Dada, una uhakika?" aliuliza Neema.

"Nimewalea ninyi, kadi ndiyo itanishinda?"

Jumamosi ilikuwa zamu ya Musa, mwenye ndevu hadi kifuani. Nilimsindikiza hadi getini, nikabaki nje ya uzio na hotpoti la pilau, nikimpungia mkono. Mlinzi akaipitisha kadi kwenye mashine, akamtazama Musa, kisha akamgeuzia skrini. Uso wangu ulijaa pale, kilemba na tabasamu. Foleni nzima ikaangua kicheko.

Musa akanigeukia, akapaza sauti: "Dada! Wanasema mimi si wewe!"